Kompyuta ya mezani haina miguu, ivutie waya

Haya basi, leo sina habari za simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni na watu wanaonunua kompyuta ya mezani, sanduku zito la chuma pamoja na skrini, kibodi, kipanya na nyaya tatu za umeme, wanaiweka kwenye kona ambamo itakaa miaka saba bila kusogezwa hatua moja, halafu wanaiunganisha na intaneti kwa waifai. Waulize sababu. Jibu ni lile lile kuanzia Isiolo mjini hadi huku kwetu Sericho: "Ah, mambo ya waya yamepitwa na wakati."

Yamepitwa na wakati gani? Simu inatembea, kwa hiyo inahitaji hewa. Laptopu inatembea, angalau kutoka mezani hadi kitandani. Tableti haina hata tundu la kuchomekea waya, hiyo tunaisamehe. Lakini kompyuta ya mezani haina miguu. Tayari imefungwa ukutani kwa waya wa umeme, na hakuna anayelalamika kwamba waya huo ni ushamba. Ukiongeza mmoja wa mtandao kando yake umepoteza nini?

Msimamo wangu ni huu: kifaa kisichotembea kipewe waya kwanza. Waifai ibaki kwa vitu vinavyotembea, na kwa kompyuta ya mezani iwe akiba tu, ya siku waya umeharibika.

Najua utakachosema, maana nimeambiwa mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu. "Wewe kijana, umesomea kompyuta chuo kikuu ukasahau ulikotoka. Sericho hakuna faiba. Intaneti inatufikia kwa hewa, ama kutoka mnara wa simu ama kutoka dishi la setilaiti. Kilomita zote za nje ni hewa, sasa waya wa mita kumi ndani ya nyumba utaongeza nini?"

Swali zuri. Na hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu jibu lake ni kinyume kabisa cha watu wanavyodhani. Waya wa ndani una faida kubwa zaidi Sericho kuliko Nairobi.

Fikiria safari ya ujumbe mmoja kutoka kompyuta yako hadi seva. Kipande cha kwanza ni kutoka kompyuta hadi rauta, mita chache tu. Kipande cha pili ni kutoka rauta hadi mnara au setilaiti. Kipande cha tatu ni huko kwa wakubwa: faiba hadi Nairobi, hadi Mombasa, kisha chini ya bahari. Hebu kitazame vizuri hicho cha tatu. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuifikia dunia. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na kurudi ulichukua zaidi ya nusu sekunde hata kama mitambo yote ilikuwa mizima. Juni 2009 kebo ya TEAMS iliwasili Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi uliofuata Seacom ikaanza kazi. Watu wenye pesa za kununua redio yoyote duniani walichagua kuzamisha waya baharini! Wenye mtandao wao wenyewe hawaamini kwamba waya umepitwa na wakati. Hewa wanaitumia pale tu ambapo waya haujafika.

Kwa hiyo kipande cha pili kwetu ni hewa kwa lazima. Kipande cha kwanza ni hewa kwa hiari yako.

Sasa fuata hesabu. Redio hupoteza pakiti, hilo ni jambo la kawaida. Waifai ikipoteza pakiti hujaribu kuirudia yenyewe mara kadhaa, na kila marudio ni ucheleweshaji. Ikishindwa kabisa, kazi ya kugundua inabaki kwa TCP, ile itifaki inayohakikisha kila kipande kimefika. TCP iliyo katika kompyuta nyingi haina macho ya kuona ukuta wa nyumba yako. Ikikosa pakiti hudhani njia imejaa, hivyo hupunguza mwendo, hutuma tena, kisha hupanda polepole kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo. Na kila hatua ya kupanda huchukua muda wa safari moja ya kwenda na kurudi. Aliye Nairobi mwenye faiba, akiwasiliana na seva iliyo mji huo huo, safari hiyo ni milisekunde chache, kwa hiyo pakiti iliyopotea sebuleni anaifidia kabla hajapepesa macho. Aliye Sericho kwenye mnara wa mbali uliolemewa ana safari ndefu mara kumi, na saa nyingine mara mia. Kosa lile lile la sebuleni linamgharimu mara kumi au mara mia zaidi.

Ndiyo maana nasema mwenye njia mbaya nje ndiye asiyeweza kumudu njia mbaya ndani. Aliye na faiba Kilimani anaweza kucheza na waifai apendavyo. Sisi hatuna nafasi hiyo ya mchezo.

Kuna faida nyingine ambayo mafundi wanaijua vizuri sana ila hawakuambii. Ukiwa na waya unajua wa kulaumu. Mtandao ukisumbua, unafungua dirisha jeusi la amri na kuandika ping ikifuatwa na anwani ya rauta, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Kwa waya mzima jibu ni chini ya milisekunde moja, kila mara, mara mia kwa mia. Basi umejua: nyumba ni nzima, tatizo liko nje, pigia kampuni simu na usikubali kuambiwa "zima uwashe tena". Kwa waifai utaona 3, 4, 3, 190, 6, kimya, 75. Hapo utamlaumu nani? Mnara? Mvua? Mwanao anayetazama video chumba cha pili? Kazi yangu ni kuandika programu, na sina hesabu ya simu nilizopigiwa za "programu yako imeganda" ambapo kilichoganda ni hewa iliyo kati ya meza na dirisha.

Tuje kwenye redio yenyewe. Watu wa huku hawahitaji kufundishwa habari za foleni ya kisima. Birika ni moja na mifugo ni mingi, kwa hiyo hunywa kwa zamu. Waifai ni birika moja. Kwenye masafa mamoja, kifaa kimoja tu husema kwa wakati mmoja: rauta ikisema, wote wananyamaza, simu ikisema, rauta yenyewe inangoja. Kila kifaa husikiliza kwanza, kikikuta kimya hungoja kidogo kwa bahati nasibu, ndipo kinasema. Viwili vikisema pamoja, maneno ya vyote yanaharibika na vyote vinarudia. Masafa ya gigahezi 2.4, yale yanayopenya kuta vizuri zaidi, yana njia tatu tu zisizogusana: namba 1, 6 na 11. Haya, Sericho hatuna msongamano wa maghorofa ya Eastleigh. Lakini chumba kimoja chenye simu kumi na tano za wateja kinatosha kuwa Eastleigh.

Na kuna hili ambalo wengi hawalijui. Kifaa dhaifu hakijicheleweshi peke yake. Simu kuukuu iliyo mbali na rauta husema polepole, kwa hiyo zamu yake ya kutuma pakiti ile ile huchukua muda mrefu zaidi, na wengine wote hungoja. Ng'ombe mgonjwa akiwa birikani, wenye afya hawawezi kunywa haraka kuliko yeye anavyoondoka. Kompyuta yako yaweza kuwa na adapta ya bei kali kuliko zote sokoni na bado ikangoja simu ya mtu aliyesimama mlangoni.

Waya una swichi. Kila kompyuta ina njia yake hadi kwenye swichi, inasema na kusikiliza kwa wakati mmoja, na ya jirani haiigusi. Hakuna zamu wala kugongana.

Wanaoniambia waya ni wa kale na hewa ndiyo ya kisasa wanageuza historia, tena kwa kujiamini sana. Mwaka 1971 huko Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, mtandao ulioitwa ALOHAnet. Kila kituo kilisema kilipotaka, na vikigongana vilirudia. Hesabu ilionyesha kwamba kwa mtindo ule, zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa redio haitumiki ipasavyo. Robert Metcalfe wa Xerox aliisoma kazi hiyo, akairekebisha, na tarehe 22 Mei 1973 akaandika waraka wa mtandao mpya ambao ungepita kwenye kebo. Akauita Etheneti. Yaani redio ilijaribiwa kwanza, kisha watu wakahamia kwenye waya! Kiwango cha waifai kilitoka 1997, miaka 24 baada ya waraka ule. Ni kweli, waifai za miaka hii zimejifunza kugawa njia moja kwa vifaa kadhaa kwa wakati mmoja, na zimekuwa nzuri sana. Lakini hewa bado ni ya wote.

Tuangalie basi nyumba zetu. Mabati juu, na mara nyingi mabati ubavuni. Bati ni chuma, na mawimbi ya redio yakikutana na chuma hurudi yalikotoka. Rauta ya dishi ikiwa chumba kimoja na kompyuta chumba cha pili, katikati ukuta wa bati, waifai inapita kwenye upenyo wa mlango tu. Funga mlango uone. Kisha kompyuta ya mezani nayo ni sanduku la chuma, na watu huchomeka kile kiadapta kidogo cha USB nyuma yake, chini ya meza, kikitazama ukuta. Umeificha antena nyuma ya chuma, ndani ya nyumba ya chuma, halafu unauliza kwa nini mtandao "hauna nguvu".

Ngoja, kuna la kuchekesha zaidi. Mwaka 2012 Intel walichapisha waraka wakieleza kwamba matundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoingilia masafa ya gigahezi 2.4. Sasa chukua adapta ya waifai, ichomeke kando ya diski ya nje ya USB 3.0 inayonakili faili. Diski ikianza kazi, waifai inakohoa. Mtu atabadilisha rauta, atabadilisha kampuni, ataita fundi kutoka Isiolo amlipe na nauli, kumbe adui amechomekwa sentimita mbili pembeni.

Usalama nitaupita haraka. Nenosiri la waifai limebandikwa ukutani, na kila aliyewahi kunywa chai hapo analo. Oktoba 2017 mtafiti Mathy Vanhoef alionyesha udhaifu katika WPA2 yenyewe, ulioitwa KRACK, ikabidi dunia nzima isasishe vifaa vyake. Anayetaka kunasa waya wako lazima aingie ndani auguse.

Sasa nije kwa wale waliokwisha kukubali na kuchomeka waya. Msianze kupiga makofi. Kuchomeka waya hakumaanishi kwamba kompyuta inautumia!

Kisimani kwa Waborana kuna aba herega, msimamizi wa zamu, ndiye anayesema mifugo ya nani inywe kwanza na ya nani ingoje. Kompyuta nayo ina aba herega wake: jedwali la njia. Kila njia imepewa namba inayoitwa metriki, na yenye namba ndogo ndiyo hutangulia. Windows hupanga namba hizo yenyewe kwa kutazama kasi ambayo kiungo kinajitangazia. Haitazami ubora wa intaneti iliyo nyuma yake. Kwa kawaida waya hushinda, hasa ukiwa wa gigabiti. Lakini swichi nyingi tulizo nazo huku ni zile kuukuu za megabiti 100, au waya una jozi moja iliyokatika kwa hiyo gigabiti imeshuka hadi 100. Pembeni kuna adapta mpya ya waifai inayojitangaza kwa mamia ya megabiti, ambayo hata nusu yake huipati. Windows inaweza kumwamini mwenye majigambo. Waya umechomeka, taa ya kijani inawaka, na data yote inapita hewani.

Nimeliona hili kwa macho yangu katika duka moja la huduma za kompyuta, silitaji. Rauta ya dishi iliunganishwa kwa waya, vizuri kabisa. Lakini siku moja dishi lilipozima, mwenye duka aliwasha hotspoti ya simu yake na kompyuta ikaikariri. Tangu siku hiyo kila alipoingia dukani na hotspoti ikiwa imewashwa mfukoni, kompyuta iliruka kwenye simu yake. Windows ikashusha masasisho yake, gigabaiti baada ya gigabaiti, kwa bando la simu alilolinunua kwa ajili ya kuongea na wanawe walio shuleni. Mwezi mzima alikuwa akimlaumu shemeji yake kwa kumalizia data.

Dawa ni hii. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha Enter. Bonyeza kwa kulia kiungo cha waya, chagua Properties, kisha Internet Protocol Version 4, kisha Properties tena, kisha Advanced. Chini utaona "Automatic metric" ina tiki. Iondoe, andika 10. Fanya hivyo hivyo kwenye waifai, lakini uandike 100. Rudia kwa Version 6, maana ukiisahau, nusu ya trafiki inaweza kupita njia nyingine ukabaki unashangaa. Kuhakikisha, fungua dirisha la amri na uandike route print, utaona nani anatangulia. Na hotspoti ya simu uiweke kuwa ya kupimwa, ile "metered connection", ili masasisho makubwa yasiiguse hata siku ambayo kweli unaihitaji.

Kwenye Linux mambo ni mepesi. NetworkManager huupa waya 100 na waifai 600 bila wewe kusema kitu. Tena pale ambapo ukaguzi wa muunganisho umewashwa, njia isiyofika intaneti huongezewa 20,000, kwa hiyo dishi likizima rauta ikabaki hai, waifai ya akiba hushika nafasi yenyewe, na dishi likirudi waya unarudi mbele. Huyo ndiye aba herega ninayempenda! Andika ip route uone. Kwenye Mac kuna orodha ya kupanga huduma za mtandao, buruta Etheneti iwe ya kwanza. Na kama kompyuta haihitaji akiba kabisa, zima waifai yake, imekwisha.

Kwa nini napiga kelele hivi kwa ajili ya mita kumi za waya? Kwa sababu kompyuta ya mezani ya Sericho si ya mtu mmoja. Tangu 2023 serikali imehamishia maelfu ya huduma kwenye eCitizen. Oktoba 2024 bima ya afya ya NHIF iliondoka, ikaingia SHA, na kujiandikisha ni mtandaoni. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS na mkopo kupitia HELB, na kila mlango una tarehe ya kufungwa. Marejesho ya KRA mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Mambo haya yote yanafanyikia wapi hapa kwetu? Kwa wengi ni kwenye kompyuta mbili tatu za kituo, zilizo kwenye meza, zisizosogea.

Mzee anatoka fora, kule mifugo ilikopelekwa kutafuta malisho, amepanda pikipiki nusu siku na amelipa nauli. Amekuja kushughulikia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu. Fomu ina kurasa tano. Ukurasa wa nne waifai inapepesa kwa sekunde ishirini, ukurasa unakwama, muda wa kuingia unakwisha, wanaanza upya. Au mbaya zaidi: pesa imetoka kwenye M-Pesa, ujumbe umefika kwenye simu, lakini ukurasa wa kuthibitisha haukurudi. Sasa kijana wa kituo anakuna kichwa: je, alipe tena? Mzee anauliza kwa upole, "Mwanangu, imekubali?" Hakuna ajuaye. Anaambiwa arudi kesho. Kesho kwake ni nusu siku nyingine ya pikipiki na mbuzi mwingine wa kuuza.

Sisemi kila ukurasa unaokwama ni kosa la waifai. Mnara unalemewa, setilaiti hukatika, seva za serikali zenyewe huanguka. Lakini hayo hayako mikononi mwetu, na mita kumi ziko mikononi mwetu. Na anayezilipia si mwenye kituo, ni mzee yule.

Pingamizi ninazisikia. Waya ni ghali? Boksi zima ni ghali, ndiyo, lakini hununui boksi. Unanunua mita unazohitaji, vichwa viwili vya plastiki na dakika kumi za fundi mwenye koleo la kubania. Jihadhari tu na waya wa bei ya kutupa ambao ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo ukikunjwa mara tatu umekufa, na ndio uliowafanya watu wengi waseme "tulijaribu waya ukatushinda". Kwangua ncha kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha dukani.

Panya wanakata? Pitisha ndani ya bomba la plastiki, kama fundi wa umeme anavyofanya. Umbali? Hadi mita 100 hakuna shida, na zaidi ya hapo weka swichi katikati. Radi? Hapo nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo sababu sisemi uvute waya wa shaba juu ya paa kutoka jengo moja hadi jingine. Waya unaoning'inia nje wakati wa mvua ni mwaliko kwa radi. Kati ya majengo tumia faiba, au redio maalumu za kutazamana ambazo hazigawani hewa na simu za wapita njia. Ndani ya jengo, waya.

Halafu kuna wanaonikumbusha Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini na mtandao ukadorora Afrika Mashariki yote. "Waya wako huo!" Sawa. Zilikatika, meli ikatumwa, zikaungwa. Na siku zile ni kitu gani kilibeba trafiki iliyobaki? Kebo nyingine. Hakuna aliyependekeza turudi kwenye hali ya kabla ya 2009.

Ninachokiogopa zaidi ni hiki kinachokuja. Serikali iliyoingia 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba, vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450, na hotspoti 25,000 za waifai ya umma. Sericho ni mojawapo ya hizo wadi. Barabara ya Isiolo hadi Mandera, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2020, imepangiwa faiba kando yake, ikipita Kulamawe na Modogashe. Sericho haiko kando ya barabara hiyo, lakini faiba ikiwa Modogashe si ndoto tena. Mambo mazuri. Ila sikiliza jinsi yanavyohesabiwa: hotspoti ngapi zimewashwa, sahani ngapi nyeupe zimepachikwa darini, nani amepigwa picha chini yake. Sijasikia kiongozi yeyote akihesabu matundu ya waya ukutani.

Nini kitatokea? Faiba itasafirishwa mamia ya kilomita kwa mabilioni ya shilingi, itaingia ndani ya jengo, itafika kwenye sahani ile nyeupe, na hapo, mita sita kutoka kwenye kompyuta kumi za mezani, itamwagwa hewani zigombanie birika moja na simu za vijana wote walio uani. Na kupasua ukuta baada ya rangi kukauka ni bei mara tatu ya kupitisha bomba kabla ya plasta.

Kwa hiyo, watu wa Sericho, na wa Garbatulla, Kinna, Merti na kwingineko: siku mkandarasi atakapokuja kwenye baraza kuonyesha ramani ya kituo, msimwulize hotspoti itafika umbali gani. Mwulizeni kompyuta za mezani ni ngapi, na matundu ya waya ukutani ni mangapi. Namba hizo mbili zisipolingana, mrudishieni ramani yake kabla chai haijaletwa.